"Mimi" wa shairi si lazima awe mtunzi

Hapa Lamu, ambako mashairi husikika arusini na kwenye maulidi, wengi huamini kuwa panaposemwa "mimi" ndani ya shairi, ni mtunzi anayejieleza. Wanafunzi huibeba imani hiyo hadi kwenye mtihani wa fasihi, wakaandika: "mshairi ameachwa na mkewe."

Anayesema shairini huitwa nafsineni. Anayeambiwa ni nafsinenewa. Mtunzi aweza kumpa sauti yatima, bibi arusi, hata jahazi. Ngonjera hulionyesha hili waziwazi: mtunzi mmoja, wasemaji wawili au zaidi.

Imani hii ina asili inayoeleweka. Tenzi nyingi za kale za pwani hii hufungwa kwa beti ambamo mtunzi hujitaja jina, pengine na mwaka aliomaliza kutunga. Hapo kweli ni yeye, na ni urithi wa thamani kubwa.

Kuhakiki ni rahisi. Chukua shairi lolote, upigie mstari kila "ni-" na "u-" za nafsi, kisha ujiulize: jinsia, umri au kazi ya msemaji imetajwa mshororo gani? Na je, kuna ubeti unaomtaja mtunzi? Usipoupata, andika "nafsineni".