Ati kamera ndo zinaleta fujo kwa maandamano?

Kuna watu wanaamini kabisa TV ikiacha kuonyesha maandamano laivu basi vijana wataenda nyumbani na fujo itaisha. Hiyo si kweli na Kenya tulishaijaribu. Tarehe 25 Juni 2025, mwaka mmoja kamili baada ya waandamanaji kuingia Bunge juu ya Mswada wa Fedha, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza stesheni zote ziache matangazo ya moja kwa moja, NTV na KTN zikazimwa mpaka Mahakama Kuu ikasimamisha hiyo amri siku hiyohiyo. Sasa niambie, maduka ya katikati ya Nairobi yaliponea? Yaliporwa tu, na watu wakaendelea kufuatilia kwa simu.

Wiki moja hivi kabla, tarehe 17 Juni, wahuni walikuja mjini na pikipiki wakiwa na rungu na mijeledi wakaanza kuchapa waandamanaji, na siku hiyohiyo polisi akampiga risasi ya kichwa mchuuzi wa maski. Bila video si tungeambiwa ni mawe ya waandamanaji?

Lakini pia tusidanganyane, kamera haioni kila kitu. Tairi moja likiwaka hapo Moi Avenue linajaza skrini yote, wale mamia wanaoimba na bendera barabara ya pili hawaonekani, halafu TikTok nayo inakuonyesha upande wako tu, hata kama wako ndo wamevunja duka la mtu.