Sio kweli kwamba Mchina dhahabu ya Olimpiki inamfuata yenyewe

Kila Olimpiki ikifika utasikia watu wanasema aah hao Wachina wanachukuliwa wadogo wanawekwa kwenye shule za michezo za serikali, basi medali ni suala la muda tu. Shule zipo kweli na zinasaidia sana. Ila hapo kwenye "muda tu" ndo watu wanakosea.

Mchukulie Gong Lijiao, mrusha tufe. Beijing 2008 alimaliza wa 5, London 2012 wa 4, Rio 2016 wa 4 tena, yaani Olimpiki tatu anatoka uwanjani bila kupanda jukwaani hata mara moja! Baadae waliokuwa mbele yake wakakutwa na dawa za kuongeza nguvu, akapandishwa akapata shaba ya Beijing na fedha ya London, lakini hebu fikiria unapewa medali miaka imeshapita, uwanja mtupu, hiyo furaha nani anakurudishia? Mi hili linaniuma mpaka leo.

Tokyo, 2021, ana miaka 32, alishika uongozi tangu mtupo wa kwanza na wa mwisho akatupa mita 20.58, mbali kuliko alivyowahi kutupa maishani. Dhahabu.

Na wengine dhahabu hairudi kabisa. Liu Xiang alishinda viunzi mita 110 Athens 2004, 2008 kwao Beijing kano ya kisigino ikamtoa kabla hajaruka kiunzi hata kimoja, London akaanguka kwenye kiunzi cha kwanza. Mfumo ule ule.