Kansa ya koo na visingizio vya chipsi

"Dokta, mimi sili vya kopo, soda sinywi, ndizi ni za shambani kwangu. Kansa imetoka wapi?" Wagonjwa wa huku Kilimanjaro, Machame, Marangu na Rombo, wameniuliza hivi mpaka nimechoka kujibu kwa upole. Watu wameshaamini kwamba kansa inaletwa na vyakula vya kizungu na kemikali za viwandani, na kwamba cha asili hakidhuru. Mbona basi kansa ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, imejaa kwenye ukanda huu wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, tena kwa watu wa vijijini ambao soda wanaiona Krismasi?

Mimi huuliza kwanza: chai unainywaje? Mtu anacheka. "Ya maziwa, dokta, ya moto. Ikipoa si chai tena." Hiyo ndiyo naiogopa. Watafiti waliopima chai ya watu wa Kilimanjaro, wakachapisha matokeo mwaka 2015, walikuta watu wanaanza kuinywa ikiwa na wastani wa nyuzi 70 hivi, na wa chai ya maziwa wanainywa ya moto kuliko wa chai ya rangi. Ya rangi inapoa haraka, karibu mara mbili. Yetu inachemshwa pamoja na maziwa, ikimiminwa juu kuna utando wa mafuta, na humo chini moto umejificha.

Mwaka 2016 IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, wakaweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 kwenye kundi la 2A, la vitu ambavyo yaelekea vinaleta kansa: ushahidi kwa binadamu upo, haujakamilika. Kwangu unatosha kabisa kumfanya mtu asubiri dakika tano. Na wala tusiyasingizie majani ya chai au kahawa, maana hata maji matupu ya moto hivyo yamo. Utando laini wa umio unaungua, unajijenga upya, kesho asubuhi unaungua tena, na hivyo hivyo miaka thelathini. Kadiri seli zinavyolazimika kujijenga ndivyo nafasi ya kukosea inavyoongezeka, sembuse ukiongezea sigara na pombe.

"Babu alikunywa hivyohivyo akafika tisini." Wapo hata wavuta sigara waliofika tisini.

Ushauri wangu, ambao vijana wanauona wa kishamba: mimina kwenye kisosi kama bibi zenu. Kisosi kinapoza chai upesi, na hakuna kifaa cha kununua.

Mbege, pombe yetu ya ndizi, nayo wananiambia ni chakula, ina ulezi. Ulezi umo, sikatai. Ila pombe iliyomo ni ileile ya kwenye bia, na IARC waliiweka pombe kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kuleta kansa, tangu 1988.

Mahindi yameota ukungu, "nitayaosha, moto utaua sumu." Hauui. Joto la sufuria ya ugali haliiondoi sumukuvu, yaani hiyo sumu ya ukungu, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Inayoingia kidogokidogo kwa miaka inaleta kansa ya ini, hasa kwa mwenye homa ya ini aina ya B, kwa hiyo kapime. Na usimpelekee ng'ombe hayo mahindi. Sumu itakurudia kwenye maziwa.

Anayeniuliza kama mnara wa simu unaleta kansa wakati jiko lake la kuni limejaa moshi na halina hata dirisha, namwambia akatoboe dirisha kwanza.

La mwisho: "ukichukuliwa kinyama cha kupima, kansa inasambaa." Inasambaa katika ile miezi unayozunguka kwa waganga ukikwepa kipimo. Ugali au nyama ikianza kukwama, njoo wiki hiyohiyo. Wengi wanakuja uji nao umeshakataa kupita, na hapo mara nyingi kilichobaki ni kuwawekea bomba la kupanua njia ili angalau wale.