Korona na shamba darasa: simu iliona nini, haikuona nini

Korona ilitukuta Kilifi mwaka 2020 masika yakikaribia, wakati ambao sisi maafisa wa kilimo wa nyanjani huwa hatukai ofisini. Kafyu ilianza 27 Machi, mikusanyiko ikapigwa marufuku, na kuanzia 8 Aprili safari za kuingia na kutoka Kilifi, Kwale na Mombasa zikazuiwa. Malori ya chakula yalipita. Lakini mama anayepeleka mchicha Mombasa kwa matatu hana lori.

Soko lilipigiwa kelele. Shamba darasa lilisimama bila mtu kuuliza. Kwa asiyelijua: wakulima ishirini na kitu hukutana shambani kila wiki, hugawanyika vikundi, huhesabu wadudu kwenye mimea waliyoichagua, huchora walichokiona kwenye karatasi kubwa, halafu hubishana: tupulize dawa au tungoje? Somo lenyewe ni ule ubishi. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliuanzisha mtindo huu kwa wakulima wa mpunga Indonesia mwaka 1989, na hauendi bila watu kuinamia mmea mmoja.

Tukahamia WhatsApp. Hapo viwavijeshi vamizi, walioingia Kenya mwaka 2017, wakatuonyesha kazi. Kiwavi mchanga hukwangua jani akaacha ngozi nyembamba inayopitisha mwanga. Wakati huo dawa humpata. Akikomaa hujichimbia kwenye moyo wa mhindi, juu yake kinyesi kama unga wa mbao, na ukipuliza unapoteza pesa. Picha nilizotumiwa nyingi zilikuwa za unga wa mbao, maana mkulima hupiga picha akishashtuka. Kwenye shamba darasa tungeyaona yale makwaruzo mapema, hata kama hakuna aliyekuwa akiyatafuta.

Tena simu ya picha mara nyingi ni ya baba, na anayepalilia ni mama. Ndiyo maana redio za Kimijikenda zilitusaidia kuliko tulivyotarajia: mwenye mulika mwizi, ile simu ndogo ya tochi, alipiga, akauliza, na jirani yake akasikia jibu.

Vikundi vya WhatsApp bado tunavyo, na sivikatai. Ila ukinitumia jani lililotoboka tu nitakurudisha shambani, kwa sababu bungua wa mabua naye hutoboa. Fungua moyo wa mhindi, mtoe kiwavi, mpige picha kwa karibu. Akiwa na alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne yaliyokaa mraba karibu na mkia, huyo ni vamizi. Nitumie na picha ya mimea mingine mitano ya jirani yake, hata ile inayoonekana mizima.