Kome akitema, mnyoo anameza

Ukimfungua kome na kumtazama chini ya hadubini, plastiki ya kwanza kuiona mara nyingi ni uzi: mwembamba kuliko unywele, wa buluu au mweusi, umejikunja katikati ya matumbo. Swali la kwanza tunalojiuliza maabara ni hili: uzi huu umetoka baharini au kwenye shati la mmoja wetu? Nyuzi za nguo huelea hewani saa zote. Ndiyo maana tunavaa makoti ya pamba, na pembeni ya hadubini tunaweka karatasi safi ya kuchujia iliyolowa. Uzi ukitua pale, hesabu ya siku hiyo lazima irekebishwe. Baadhi ya tafiti za mwanzo hazikuwa na uangalifu huo, kwa hiyo ukikutana na takwimu ya kutisha, uliza kwanza ilihesabiwaje.

Hata tukiondoa nyuzi zetu wenyewe, plastiki inabaki. Mikroplastiki ni chembe ya plastiki isiyozidi milimita 5. Nyingine zimemeguka kutoka vyombo na mifuko iliyochakazwa na jua na mawimbi, nyingine zimetoka kwenye ndoo za kufulia: kilo 6 za nguo za akriliki, kitambaa cha nyuzi za plastiki, zikifuliwa mara moja kwa mashine zinaweza kuachia nyuzi zaidi ya 700,000.

Kome huishi kwa kuchuja maji, lita 20 au zaidi kwa siku. Si kwamba anameza ovyo. Chembe asizozitaka huzifunga kwa ute na kuzitema. Lakini nyingine humponyoka, na mwaka 2008 watafiti walionyesha kuwa zile ndogo kabisa hutoka tumboni zikaingia kwenye damu ya kome, na baada ya siku 48 bado zilikuwamo. Zile alizozitema nazo hazijapotea. Ute huzizamisha hadi kwenye tope, na huko yupo mnyoo anayemeza mchanga ili apate chakula kilichomo.

Kwenye jaribio moja la mwaka 2013, minyoo ya aina hiyo iliwekwa kwenye mchanga wenye chembe ndogo za plastiki asilimia 5 ya uzito wake. Akiba ya nguvu mwilini mwao ilipungua hadi nusu. Kipimo hicho, niseme wazi, ni kikubwa kuliko cha fukwe nyingi. Kumkuta mnyama na plastiki tumboni ni jambo moja, kuthibitisha kwamba imemdhuru ni jingine, na mara nyingi habari huchanganya haya mawili.

Kaa ana milango miwili. Plastiki humwingia kwa kumla kome aliyekwisha kuibeba, na pia kwa kupumua: chembe hunasa kwenye matamvua. Majaribio ya mwaka 2014 yalionyesha kuwa zilizoingia kwa chakula zilibaki mwilini hadi siku 14, na zilizoingia kwa matamvua hadi siku 21.

Kwa mlaji, tofauti iko kwenye matumbo. Samaki mkubwa hutumbuliwa kabla ya kupikwa, lakini kome na chaza huliwa wazima. Kuwaacha siku chache kwenye maji safi hupunguza chembe, ingawa haziondoki zote.

Mnyama anayenishangaza zaidi ni yule mdogo mrukaji, jamii ya kamba, anayejificha chini ya mwani uliotupwa na bamvua. Yeye huitafuna plastiki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walikadiria kuwa mfuko mmoja unaweza kuishia kuwa vipande milioni 1.75 kwa kutafunwa na wanyama hao, tena mfuko ulioota utando wa vijidudu hutafunwa haraka zaidi kuliko mpya. Kwa hiyo unaposafisha ufuo, anzia kwenye mstari wa mwani. Chomoa mfuko ungali mzima, mwani wenyewe uuache palepale, maana ndio chakula chao.