Maana ya "uwezekano wa madini" katika pori la hifadhi

Ripoti ikiandika kwamba eneo lina uwezekano mkubwa wa shaba, haijasema shaba ipo. Imesema miamba yake inafanana na ile ambayo kwingine imebeba shaba. Mbale (mwamba wenye madini) iliyokwisha kupimwa, kama ya Miners Ridge ndani ya pori la Glacier Peak, jimbo la Washington, ni rasilimali inayojulikana. Sehemu yake inayochimbika kwa faida leo ndiyo akiba. Watu huchanganya haya matatu kila siku.

Marekani, sheria ya mapori ya 1964 iliitaka USGS, idara ya jiolojia ya serikali, na Bureau of Mines, ofisi ya migodi (iliyofungwa 1996), kuyapima maeneo hayo bila kuyaharibu. Kwa hiyo uchorongaji, yaani kutoboa miamba, ni nadra, na kazi kubwa hufanywa na vijito. Kijito hukusanya mmomonyoko wa bonde zima, hivyo sampuli moja huwakilisha kilometa za mraba kadhaa. Mashapo, yaani mchanga na tope la kijito, hukaushwa, hupitishwa kwenye chekeche la matundu 80 kwa inchi (chembe za chini ya milimita 0.18 hivi), kisha hupelekwa maabara. Mchanga mwingine huoshwa kwa karai hadi ubaki ule mzito, mweusi. Juu, ndege yenye kipima sumaku hutafuta miamba iliyofukiwa.

Chota sampuli upande wa juu wa barabara: kalavati la bati humwaga zinki, na kifusi cha mgodi wa zamani hudanganya zaidi. Mawe yenye utando mweusi wa manganizi nayo hunasa metali na kupandisha vipimo mahali pasipo na kitu.

Kwa mafuta na gesi huulizwa mambo matatu: mwamba mama (unakozaliwa mafuta) uliopikika vya kutosha kwa joto la ardhini, mwamba wenye vinyweleo wa kuyahifadhi, na kifuniko cha mwamba usiopitisha. Kimoja kikikosekana, hesabu imekwisha.

Matokeo huandikwa kwa herufi mbili. Ya kwanza ni uwezekano: H mkubwa, M wa kati, L mdogo, N hakuna, U haujulikani. Ya pili ni uhakika wa ushahidi, kutoka A (mdogo kabisa) hadi D (mkubwa kabisa). N huandamana na D tu, maana kutoona si ushahidi wa kutokuwepo. Bonde lililofunikwa na lava nene, ambalo vijito vyake havisemi lolote kuhusu miamba ya chini, huandikwa U/A. Kuliandika L ni kosa.