Je, wajua? Povu likipotea ziwani, sabuni bado ipo

Pale Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, mama akishafua na kumwaga beseni, povu huelea kidogo, wimbi linakuja, kwisha. Watu husema sabuni imeoza. Wapi! Povu ni hewa iliyofungwa na utando mwembamba wa maji na sabuni. Sabuni ikizimuliwa, utando hausimami tena, lakini molekuli zenyewe zimetawanyika tu. Hata maji yakirudi kuwa maangavu mpaka uone kokoto, hilo halithibitishi lolote. Kuoza ni kuliwa na bakteria, na mlaji huyo haonekani.

Kwa hiyo wataalamu hupima pumzi ya bakteria hao. Katika majaribio namba 301 ya OECD (Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo), chupa huwekwa maji yenye madini, bakteria kidogo kutoka mtambo wa majitaka, na kemikali inayochunguzwa ikiwa ndiyo chakula pekee. Chupa hukaa gizani, nyuzi 22 hivi, kwa siku 28.

Mfikirie mgeni uliyemfungia chumbani na ugali wa muhogo asioujua. Sufuria huigusi, unapima hewa anayovuta. Chumba cha pili kina mwenzake asiye na chakula: tofauti ya pumzi zao ndiyo jibu. Cha tatu kina chakula asichokataa mtu, kuhakikisha mgeni si mgonjwa (maabara hutumia asetati ya sodiamu). Siku za mwanzo huenda akasita. Akishaanza, pumzi yake ikifika asilimia 10 ya ile ambayo ingehitajika kuunguza chakula chote, ana siku 10 tu kufikisha 60. Kwa nini si 100? Sehemu ya ugali haiishii kwenye pumzi, inageuka mwili wake.

Kemikali kufeli jaribio hili si hukumu ya milele: bakteria ni wachache na hawakuzoeshwa. Kufaulu nako kuna mipaka. LAS, kiambato cha sabuni nyingi za unga, huoza vizuri penye oksijeni, ila pasipo nayo hugoma kwa sehemu kubwa. Tanganyika ina kina cha mita 1,470, na upande wa Kigoma oksijeni huisha kabla ya mita 200.

Lipo jaribio la mazingira hayo pia, namba 311, chupa ikifungwa bila oksijeni na gesi kupimwa hadi siku 60. Joto lake ni nyuzi 35. Vilindi vya Tanganyika vina 23 hivi.